Gusa Kimoja, Ungoje

Ukitaka kumwona CT amekasirika, fanya mambo mawili kwa siku moja. Paka ukuta rangi na hapohapo ubadilishe mapazia. Mpe mgonjwa dawa na umwogeshe maji ya baridi. Atavua miwani, ataifuta kwa ncha ya tai yake, ataivaa tena, halafu atakuuliza kwa ile sauti yake ya msibani: "Sasa tutajua namna gani ni kintu gani ilifanya kazi?" Na wewe uliyekuwa ukijifurahia na ukuta wako utajiona kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Tulimwita CT kwa sababu ndicho kilikuwa cheo chake pale chuo kikuu: chef de travaux, mtu wa katikati, aliyekwisha kuvuka usaidizi na hajafika kwenye uprofesa. Alifundisha takwimu. Wenzake alioanza nao walimpita, wakawa maprofesa, wakanunua magari. Yeye alibaki palepale mpaka cheo kikageuka jina. Tasnifu yake ilikuwa tayari. Kila mtu Makiso, upande wetu wa Kisangani, alijua kwamba iko tayari, ila kulikuwa na kitu kimoja alichotaka kukipima tena, na alikuwa akitaka kukipima tena tangu mimi nikiwa msichana wa shule.

Mke wake, muuguzi, mwanamke mwenye subira ya kuogofya, alinisimulia jinsi CT alivyougua malaria akakataa dawa ya homa. Ya malaria alikubali kumeza, lakini ya homa hapana, kwa sababu homa ikishuka hatajua shukrani ampe nani. Alitetemeka chini ya mablanketi mawili huku akimweleza mkewe umuhimu wa jambo hilo. "Nikamwambia," mkewe alisema, "utakufa ukiwa na jibu safi kabisa." Kwa CT hilo halikuwa tusi. Nadhani alilichukua kama sifa.

Na mtu huyohuyo, aliyeweza kungoja miezi kuona namba moja ikisogea, hakuweza kungoja maharagwe yaive. Akipanda toleka, baiskeli zetu za abiria, alimpigia kelele mwendeshaji akanyage, akanyage, hata kama alikuwa anakwenda kununua gazeti la juma lililopita. Chai aliinywa ikiwa moto mpaka macho yakatoka machozi. Katika mchezo wa dama aliiba, tena aliiba vibaya, akisogeza kete mbili kwa mkupuo mmoja, yeye mwenye kuhubiri kimoja kimoja. Ukimwambia, alisema mchezo si sayansi.

Alikula kwetu kila mchana. Mama yangu alitoka Maniema akiwa bibi harusi, akafungua nyumba ya wageni ya vyumba sita nyuma ya bandari, yenye lango la buluu na mti wa matunda ya safu uani. CT alikuwa jirani wa mtaa wa pili, mtu wa mto, wazazi wake walikuwa wavuvi wa upande wa Yanonge. Alikaa chini ya mti na kula sombe ya mama, majani ya muhogo, ambayo yeye aliita pondu, na mama kila siku alimsahihisha, na kila siku yeye aliita pondu. Mama alipofariki nilirithi vyumba, mti, ubao wa langoni ulioandikwa Chez Mama Zaina, na CT. Mimi aliniita patronne, yaani bosi. Siku ya kwanza niliyopika peke yangu alionja, akaweka uma chini, akasema: "Umebadilisha mafuta na chumvi pamoja. Malembe, patronne, polepole. Kimoja kimoja."

Nilikuwa na matanga. Nilitamani kumwagia sufuria.

Nieleze sasa shida yenyewe, maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini nilimvumilia. Vyumba vilikuwa vitupu. Zamani mgeni alishuka kwenye boti akawauliza wachukuzi wa mizigo alale wapi, na wachukuzi wote walimjua mama. Siku hizi mgeni anashuka akiwa ameshaiuliza simu yake, na simu inamtajia hoteli kubwa za barabarani. Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Yaya, alikuja kutoka Kinshasa, akatembea chumba hadi chumba akifungua milango kwa kidole kimoja. "Dada, hii si pension, hii ni makumbusho," alisema. "Tuuzishe parcelle, nyumba na kiwanja yake, kila mutu apate yake. Nakuachia saison sèche hii moja. Nikirudi na vyumba iko vide, narudi na mununuzi."

Mimi nimezaliwa katika chumba cha tatu cha nyumba ile. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda na sikutaka kuwa napo.

Tovuti nilikuwa nayo. Kijana mmoja wa cyber aliitengeneza: picha kubwa ya mama amevaa kitenge cha dhahabu, picha nyingine zinazojigeuza zenyewe, muziki, na maneno ya kujisifu yaliyoahidi luxe, confort, na umeme saa zote, jambo ambalo Kisangani hata mkuu wa mkoa asingeahidi. Ukitafuta nyumba ya wageni Kisangani, uliikuta chini kabisa, baada ya kuwa umeshakata tamaa. Nilimwambia CT. Ndilo kosa langu. Macho yake yalimetameta kama ya paka aliyeona dagaa.

"Mutambo ya kutafuta," alisema, "hakuna mutu anajua inapanga vile namna gani. Wanasema ni kichwa ya page. Wengine wanasema ni uzito ya picha. Wengine, ni site zingine zinakutaja. Wengine, ni umri. Bon. Tutapima."

Nilitaka wageni. Yeye alitaka kujua. Nilidhani ni kitu kimoja.

Utaratibu wake ulikuwa huu: tunabadilisha kitu kimoja kwenye ukurasa, halafu tunangoja majuma matatu bila kugusa chochote, halafu tunaangalia tumepanda au tumeshuka. Gusa kimoja, ungoje. Tulianza na kichwa cha ukurasa. Tukangoja. Nilipotaka kuongeza namba ya simu iliyosahauliwa alinizuia, namba ya simu, mtu anipigie vipi? "Iko ya mara yingine," alisema. Msimu wa kiangazi ulikuwa unakwenda zake na mimi nimekaa, nimekatazwa kuweka namba ya simu kwenye tovuti ya nyumba yangu.

Siku moja niliamka, nikafungua simu, nikajikuta wa kwanza. Wa kwanza, juu ya hoteli zote! Nilichinja kuku wawili, nikawaita majirani, tukaimba. CT alikuja, akala mapaja yote mawili, akajifuta mdomo, kisha akachukua simu ya mwanamke anayeuza mega za intaneti langoni pa bandari, akatafuta maneno yaleyale. Hatukuwepo. Akajaribu kwa simu ya fundi viatu. Hatukuwepo.

"Simu yako inakupenda, patronne," aliniambia. "Kila siku unafungua page yako, yenyewe inaona ni kintu unapenda, inakuletea mbele. Uliza simu ya mutu hakujui."

"Na ulijua hivyo mbele ya kula?"

"Nilikuwa na hypothèse."

Kitu kimoja nilimkatalia. Alitaka kuiondoa picha ya mama, alisema ni nzito, ukurasa unakufa njiani kabla haujafunguka kwenye mtandao wetu huu wa kusuasua. Nilimwambia mama yangu haondoki. Alisema sawa, basi kitu hicho hakitapimwa, lakini alikisema kwa uchungu wa mtu aliyenyimwa maji. Alinikataza pia nisibonyeze kurasa za wengine kwenye orodha, hata kwa udadisi. "Ukibonyeza utaharibu kipimo. Angalia jina, angalia nafasi, funga." Nilitii, kwa kuwa nilikuwa nimeshachoka kuulizwa tutajua namna gani.

Katikati ya kiangazi akatokea adui. Jina lake Pension Masuwa; masuwa kwetu ni boti. Sikuwahi kuisikia, na mimi nawajua wenye vitanda wote wa Makiso. Juma hili ilikuwa chini yangu, juma linalofuata iko juu, kisha ikapanda tu, mimi huku nikibadilisha kichwa na kungoja, nikibadilisha maneno na kungoja. Nilimwonyesha CT. "Ni nani hawa? Wametoka wapi?" Aliangalia, akafuta miwani. "Intéressant," alisema, akaomba pilipili.

Halafu wageni wa Masuwa wakaanza kuja langoni kwangu. Wa kwanza walikuwa mabwana shamba wawili waliokuwa wanaelekea Yahuma, na vumbi mpaka kwenye kope.

"Maman, iko hapa Pension Masuwa?"

"Haiko hapa."

Wakaenda zao. Akaja mchungaji na mkewe. Wakaja vijana wa utafiti wa msitu wenye mabegi makubwa kuliko wao. Iko hapa? Haiko hapa. Mara ya kwanza nilijibu kwa adabu. Baadaye nilijibu bila kuinua kichwa kwenye mboga niliyokuwa nachambua, nikaongeza kwamba hao Masuwa ni waongo, hawajui hata kueleza njia kwa watu. CT sikumwambia haya. Mtu aende kujishitaki kwamba wageni wanapita mlangoni kwake wakimtafuta mwingine? Nilikuwa na haya zangu.

Aliyenivunja alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, mama wa makamo, mvua ya nje ya msimu imemlowesha, toleka imemshusha na marobota yake na kuondoka. Nilimwambia haiko hapa. Aliketi juu ya robota.

"Mama, mimi nimechoka. Soma mwenyewe."

Nikaichukua simu yake. Ukurasa ulifunguka mara moja, haukuwa na picha hata moja. Maneno matupu: Pension Masuwa. Nyuma ya bandari, lango ya buluu. Kuna muti ya safu uani. Vyumba sita. Courant haikuje kila siku, tuko na lampe. Maji ni ya pompe. Asubuhi masuwa zinapiga honi, mutu wa usingizi mwepesi asikuje. Pondu ni ya kweli.

Niliinua macho nikauona mti wa safu. Nikaliangalia lango. Pondu ni ya kweli. Duniani kote kuna mtu mmoja tu ambaye angeandika pondu juu ya sombe ya nyumba ile.

Nilimpa mama wa Bukavu chumba cha tatu na taulo kavu, kisha nikangoja mchana ufike. CT alikuja, akaketi, nikampa sahani, nikasimama mbele yake.

"CT. Pension Masuwa ni ya nani?"

Uma ulisimama njiani. "Uliifungua?"

"Ni ya nani?"

"Ni témoin," alisema. "Kila expérience inahitaji témoin. Page moja tunagusa, moja hatugusi, ndio tulinganishe. Témoin lazima afanane na mugonjwa kwa kila kintu: nyumba moja, mahali pamoja. Kwa nyumba, jina tu nilibadilisha. Masuwa moja ilikuwa inapita. Na sikuweza kukuambia, patronne, ungejua ungeigusa. Sasa umeifungua. Kazi ya miezi yote imekufa!"

Alikuwa na hasira. Yeye! Alikuwa ananikasirikia mimi.

"Batu wamekuja," nilimwambia. "Batu wenye mabegi. Wanauliza Masuwa, na mimi nawafukuza. Mimi mwenyewe, kwa kinywa yangu. Yaya anakuja na mununuzi, na mimi nafukuza wageni wangu kwa sababu yako!"

"Batu?" Alishangaa kweli. Ukurasa ule aliuandika ili mtambo uusome, na naapa haikuwahi kumpitia akilini kwamba binadamu naye angeusoma. Alivua miwani. Nilidhani ataomba radhi.

"Bangapi?" aliuliza.

Nikaiondoa sahani mbele yake. Nikaipeleka jikoni na nikafunga mlango. Alikaa chini ya mti kwa muda, halafu nikasikia lango likifunguka na kufungwa, na hakurudi tena kula.

Sijui kama mtu aliyewahi kunisaidia amewahi kuniudhi kiasi kile. Kilichoniuma zaidi si wageni niliowafukuza. Miezi yote ile alijua nafasi yangu kwenye orodha kila juma, alijua uzito wa uso wa mama yangu, na hakuwahi hata mara moja kuniuliza nyumba itakuwaje.

Kesho yake nilimwita mchora mabango. Chini ya Chez Mama Zaina akaandika, kwa rangi ileile, Pension Masuwa. Nilisimama barabarani nikaangalia jina la mama limekaa pamoja na jina la boti iliyokuwa inapita tu, nikalia, na mchora mabango akajifanya anaosha brashi. Ukurasa wenyewe sikuweza kuugusa, neno la siri alikuwa nalo yeye. Nilituma mtu amwombe. Jibu likaja: akiugusa sasa, hata kile kidogo kilichobaki kitaharibika. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Lingala, na kwa Kifaransa alichonifundisha yeye mwenyewe.

Lakini walikuja. Kiangazi kilikuwa ukingoni na walikuja. Iko hapa? Iko hapa, ingieni. Na sikumsikia hata mmoja akilalamikia umeme, maana walikuwa wameshaambiwa. Asubuhi boti zikipiga honi walichekeana kwenye veranda kana kwamba wameletewa kitu walichoagiza.

Yaya alirudi Jumapili moja na mnunuzi mwenye viatu vya ngozi ya mamba. Kila mlango alioufungua kwa kidole ulikuwa na mtu nyuma yake, mmoja amefunga taulo. Mnunuzi aliaga mapema. Yaya alilala sebuleni kwenye mkeka, na alinung'unika mpaka usingizi ukamchukua. "Umeitoa nyumba ya mama kwa zimwi," alisema. Asubuhi alikunywa chai, akahesabu viatu vilivyopangwa verandani, akasema parcelle haiuzwi mwaka huu. Mwaka huu, alisema. Kila mwaka anasema mwaka huu.

CT alistaafu, tasnifu mkononi, kitu kimoja bado hakijapimwa tena. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, naye CT akaona arudi kwao Yanonge. Habari hizo nilizipata kwa wengine. Sikwenda kumuaga, nilijiambia nina wageni.

Siku ya juzi nilikuwa jikoni, mchana, nikasikia hodi na sauti nje ya lango.

"Maman, iko hapa Pension Masuwa?"

"Iko hapa!" nilipaza sauti, ndivyo ninavyojibu siku hizi bila kufikiri. "Ingia."

Aliingia na kifuko cha raba, tai ileile, kichwa cheupe chote. Amekonda. Alisimama katikati ya ua kama mgeni anayengoja kuonyeshwa chumba, na nikatambua kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kulala kwetu hata usiku mmoja. Kesho alikuwa na daktari, alieleza, na wachukuzi bandarini walimwambia hapa kuna vitanda.

Aliketi mahali pake. Nilimletea sahani. Alionja, na nikajiandaa kusikia habari za mafuta. Nilikuwa nimejiandaa pia kwa bangapi, na kwa majuma na nafasi, na nilikuwa na maneno makali ya kumjibu, niliyoyatunza muda mrefu.

Aliweka uma chini.

"Patronne," alisema. "Nyumba? Ingali ya kwenu?"

Nilisogeza kiti, nikaketi mbele yake.

"Ingali ya kwetu, CT."

Akaitikia kwa kichwa. Aliutazama mti, akaitazama milango sita, akafuta miwani polepole na kuivaa. Hakuuliza kitu kingine. Nilimwona jinsi alivyokuwa akijizuia, mdomo unacheza, mzee wa watu, swali limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na ni mimi niliyeshindwa kuvumilia.

Maana neno la siri nilikuwa nimelipata. Alimwachia mchukuzi mmoja wa bandarini siku anaondoka, aniletee, bila ujumbe wowote. Nilikuwa nalo muda wote. Wageni hunicheka kwamba ukurasa hauna namba ya simu, hauna picha, na maneno yake hayana mpangilio. Mara nyingi nimekaa na simu mkononi nikitaka kuutengeneza wote kwa siku moja, nibadilishe kila kitu, na juu kabisa niandike sombe.

"Page sijaigusa," nilimwambia. "Hata pondu iko palepale."

Alifunika macho kwa mkono. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.